Edelgard alikosea, au waandishi ndio waliokosea?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi na rafiki yangu tunasoma chuo hapa Mwanza, tumepanga chumba kimoja Nyegezi. Tulichangishana tukanunua Switch, mashine ya gemu, ya mtumba, na gemu iliyotushika ni Fire Emblem: Three Houses, ambayo unachagua nyumba moja kati ya tatu za shule na hadithi inafuata njia ya nyumba hiyo. Mimi nilianza na Tai Weusi wa Edelgard, yeye akaanza na Simba wa Bluu wa Dimitri. Tangu hapo ni ubishi. Yeye anasema Edelgard ni muuaji, ndiye aliyeiteketeza familia ya Dimitri na kumuua baba wa Mwalimu, yaani mhusika tunayemchezesha, na kwamba angekuwa na akili angemweleza Mwalimu kila kitu mwezi wa kwanza na vita isingetokea. Mimi nasema Dimitri amefanywa mjinga na waandishi: mtu gani anaamini kwamba binti wa miaka kumi na kitu alipanga kumuua mfalme? Nani yuko sahihi? Nauliza pia kwa sababu tunaandika gemu yetu ya matawi, ambayo chaguo la mchezaji linabadili hadithi, falme tatu za visiwani humu ziwani, na watu watatu waliosoma rasimu wamesema malkia wetu kuchoma mitumbwi ya watu wake, usiku wa giza, hakuna mantiki. La mwisho, rafiki yangu alifiwa na kaka yake ziwani. Nikimsema Dimitri anakasirika kweli. Siku hizi hata salamu ni za shida."*

Marahaba. Umeniuliza nani yuko sahihi, lakini ubishi wenu una maswali matatu yaliyofungwa furushi moja. La kwanza ni kama mhusika ametenda haki. La pili ni kama alichotenda kinaeleweka kwa mtu wa aina yake, aliyepitia aliyoyapitia. La tatu ni kama waandishi wamelipanga jambo hilo vizuri. Mtu anaweza kukosa la kwanza akawa nalo la pili, na wahusika wote wawili mnaowagombania wako hivyo. Ninyi mnabishana kama Wagika na Wagalu, zile kambi mbili za ngoma za Wasukuma: kila upande umekuja na ngoma yake, na hakuna aliyekuja kusikiliza ngoma ya mwenzake. Nitatoboa siri za gemu nzima humu, kwa hiyo ambaye hajaimaliza aamue mwenyewe kama ataendelea.

Nianze na yale ambayo si kweli, maana mengine mnagombania hewa.

Edelgard hakumuua Jeralt, baba wa Mwalimu. Aliyemchoma kisu ni Kronya, aliyekuwa amejificha katika sura ya mwanafunzi anayeitwa Monica. Kronya ni wa lile kundi la siri la Watambaao Gizani, na Edelgard anashirikiana na kundi hilo. Hiyo ni lawama nzito na ya haki juu yake. Lakini kula njama na kundi lenye wauaji ni shtaka moja, na kuamuru mtu fulani auawe ni shtaka jingine, na gemu haimpi Edelgard hili la pili. Mauaji ya Duscur, yaliyoiteketeza familia ya Dimitri, nayo yalitokea mwaka 1176 kwa kalenda ya Dola ya akina Edelgard, yeye akiwa na miaka 13 au 14. Hakuyapanga. Hapo rafiki yako hana pa kusimama.

Sasa zamu yako. Unasema Dimitri amefanywa mjinga. Rudi kwenye njia yake uone alichokiona yeye, si ulichokiona wewe. Utotoni Edelgard aliishi kwa muda huko Faerghus, ufalme wa akina Dimitri, na walipoagana Dimitri alimpa jambia. Miaka inapita. Anatokea mtu mwenye kinyago, Kaizari wa Moto, anayeandamana na watu ambao Dimitri tayari anawashuku kwa Duscur. Mtu huyo anaangusha jambia, Dimitri analiokota, analitambua. Anakaa na hilo moyoni bila kumwambia mtu. Halafu kule kaburini chini ya Garreg Mach, makao ya Kanisa yenye ile shule, kinyago kinaanguka, na sura ni ya Edelgard, ile ile aliyokuwa akiomba isiwe. Tangu siku baba yake alipouawa mbele ya macho yake kijana huyu halali vizuri, na waliokufa wanamsemesha. Mtu wa namna hiyo hakai chini kupiga hesabu kwamba mwaka 1176 Edelgard alikuwa mtoto. Ana jambia, ana kinyago, ana maiti za ndugu zake kichwani. Akaunganisha vipande vitatu vya kweli akapata jibu la uongo. Hilo halitokani na waandishi kuchoka. Wameliandaa sura kwa sura, na ukirudia njia ile utaona kila kipande kimewekwa mapema.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka mlishike, maana litawasaidia pia kwenye kazi yenu. Mhusika anapoamua, ana yale anayoyajua siku ile na yale anayoamini yatatokea akichelewa. Basi. Mchezaji aliyemaliza njia mbili au tatu anajua mara nne ya anachojua mhusika yeyote, halafu anamhukumu mhusika kwa ujuzi wake yeye. Mengi yanayoitwa mapengo ya msuko, yaani mahali hadithi haishikani, kwenye gemu za matawi yametokana na hapo: mchezaji huyo ameshafika Enbarr, mji mkuu wa Dola, kwa njia mbili, Dimitri hajafika hata kwa moja.

Kuna na sababu ya kiufundi ambayo wachezaji wengi hawaifikirii. Hadithi ya matawi ni ghali. Weka njia panda tatu tu, kila moja yenye chaguo mbili, na usipoziunganisha tena una miisho minane, kila mmoja unataka ramani zake, sauti zake, picha zake. Hakuna anayelipia hivyo. Kwa hiyo waandishi hufanya shina refu ambalo kila mchezaji anapita, ndipo matawi yanaachana. Kwenye gemu hii miezi ya shuleni ndiyo shina. Kijiji cha Remire kinaangamia kwenye kila njia, Jeralt anakufa kwenye kila njia. Hata baada ya miaka mitano kupita, njia ya Claude, kiongozi wa nyumba ya tatu, na ile ya Kanisa zinachangia ramani nyingi, utadhani umerudi ulikotoka.

Sasa fikiri maana yake kwa Edelgard. Kila neno analolisema shinani lazima likae sawa kwa mchezaji atakayemfuata na kwa atakayemuua. Ndiyo maana anasema nusu nusu. Anauliza maswali ya kuzunguka, anakusifu, anakupima, anakwepa. Sehemu ya usiri huo ni tabia yake, sehemu ni mahitaji ya shina. Mwandishi mzuri hulificha la pili ndani ya la kwanza, na nadhani hapa wamefaulu kwa kiasi kikubwa.

Kutokana na hilo napima nia ya mhusika hivi: naitazama kabla ya njia panda tu. Kilicho kabla ya njia panda ni kimoja kwa matawi yote. Baada ya hapo kinachotakiwa kubadilika ni kile tu ambacho chaguo la mchezaji limekigusa, na kile ambacho hicho nacho kimekigusa. Ukiona mhusika amekuwa mtu mwingine na hakuna mnyororo unaotoka kwenye chaguo hadi kwake, hapo umepata pengo la kweli.

Tulipime dai la rafiki yako, kwamba Edelgard angemweleza Mwalimu mwezi wa kwanza. Angemweleza nani? Huyo Mwalimu amepewa kazi na Rhea mwenyewe, mkuu wa Kanisa ambalo Edelgard anataka kuling'oa. Muda si mrefu anaonekana ameshika Upanga wa Muumba, silaha takatifu, na Rhea anamtazama kama mtu aliyeokota lulu. Mtu mzima wa karibu wa Edelgard, mjomba wake Arundel, si mjomba tena: ni Thales, kiongozi wa Watambaao, amevaa sura yake. Baba yake, kaizari, alinyang'anywa madaraka na wakuu wa nchi yake mwenyewe, na watoto wake wakaingizwa chini ya ardhi wakafanyiwa majaribio ya damu ili wapandikizwe Nembo ya pili, yaani nguvu inayorithiwa damuni. Ndugu zake waliangamia humo. Yeye akatoka na nywele nyeupe. Binti huyu amefunzwa na maisha kwamba hakuna mkubwa anayekuja kuokoa mtu. Tena mpango wake ulishaanza kabla Mwalimu hajaingia kwenye hadithi, maana wale majambazi wa mwanzo kabisa, ambao ndio sababu ya Mwalimu kukutana na wanafunzi, walitumwa na mwenye kinyago. Angesimamisha gari lililokwisha kuondoka kwa ajili ya mtu aliyemjua juzi? Kukaa kwake kimya kunaeleweka. Kama ni haki, hilo ni swali la kwanza, na mnaweza kuendelea kuligombania mpaka daraja la Busisi lichakae.

Ila usijitape bado. Edelgard naye anasimama juu ya historia yenye makosa. Aliyorithi kutoka kwa makaizari waliomtangulia kuhusu Kanisa na vita vya kale ni nusu ya habari. Nusu nyingine, kwamba Nemesis, mfalme wa kale, alimuua Sothis, mungu wa Kanisa, na silaha za kale zikatengenezwa kwa mifupa, unaisikia kwa urefu ukimfuata Claude, Rhea anapofungua kinywa. Kwenye njia yako wewe hakuna anayemsahihisha, na kwa kuwa hakuna anayemsahihisha yeye, hakuna aliyekusahihisha wewe. Umecheza saa nyingi ukiwa ndani ya kichwa chake. Rafiki yako naye kwenye njia ya Dimitri alimuua Thales kwenye mji wa Derdriu akidhani ni mtawala Arundel tu, akapita zake. Kila mmoja wenu ana ushahidi ambao mwenzake hajawahi kuonyeshwa. Gemu imeundwa makusudi iwagombanishe, na imefanikiwa.

Kuna mahali linaonekana pengo, lakini si pengo. Kwenye njia ya Dimitri, Cornelia, mchawi wa kasri, anaupindua Ufalme wa Faerghus, anaushika mji mkuu wa Fhirdiad, na Dimitri anasingiziwa kumuua baba yake mkubwa. Kwenye njia ya Edelgard hakuna mapinduzi, Dimitri ni mfalme kamili na Cornelia yupo kimya kwenye ngome ya Arianrhod. Watu wanapiga kelele: chaguo la Mwalimu kule kaburini linamhusu nini Cornelia? Fuata mnyororo. Mwalimu asipomfuata Edelgard, Rhea anatekwa Garreg Mach inapoanguka. Akimfuata, Rhea anaponyoka, anakimbilia Faerghus na mashujaa wake. Jaribu kumpindua mfalme kwenye mji ambao Rhea, anayegeuka joka, na jeshi lake wamehamia. Gemu haiusemi mnyororo huo kwa mdomo, hii ni tafsiri yangu, lakini pete zote zipo na zinashikana.

Na kuna mapengo ya kweli, lazima niwe mkweli kwako kama nilivyokuwa kwa rafiki yako. Njia yako ina sura 18, ya Dimitri na ya Claude zina 22. Upungufu huo unaonekana kwa macho. Watambaao Gizani, adui ambaye Edelgard ameapa kuwageukia, wanaangusha mikuki ya mwanga juu ya Arianrhod, yeye anawaambia watu wake ni kazi ya Kanisa, halafu... gemu inakwisha. Vita dhidi yao vinasimuliwa kwa maneno machache mwishoni. Uwongo ule wa Arianrhod ni wa thamani kubwa kwa mwandishi. Kiongozi anayepigana kwa jina la ukweli amewadanganya wenzake machoni pako, na hadithi haikudai chochote kutokana nao. Hapo waandishi wameacha deni. Pambano la Gronder la baadaye nalo: majeshi matatu uwanjani, mawili yana adui mmoja, na bado yanachinjana. Kwa Dimitri wa wakati ule, aliyechanganyikiwa, sawa. Kwa Claude, mtu anayesifika kwa hila na kuepuka vita visivyo na faida, sababu tuliyopewa ni nyembamba. Walitaka picha kubwa, wakaipata, mantiki ikalipa gharama.

Kuhusu kilele cha njia ya Dimitri sitasema mengi, ila mwambie rafiki yako akirudie mkiwa mmekaa wawili. Chumba cha enzi, Edelgard ameshindwa, yupo chini. Dimitri anamnyoshea mkono. Edelgard anatabasamu, anamrushia lile jambia, linampata begani, na mkuki wa Dimitri unajibu kabla hajawaza. Wewe utasema alichagua kufa kuliko kuishi ndani ya dunia aliyoikataa. Yeye atasema hata mkono wa msamaha aliutemea mate. Angalia tu kwamba nyote wawili mtakuwa mnatumia sekunde zile zile kumi, bila kuongeza kitu. Tukio linalobeba maana mbili bila kuvunjika ni kazi iliyoandikwa sawasawa.

Tuje kwa malkia wenu. Tatizo lake si kuchoma mitumbwi. Watawala wamechoma zaidi ya hapo. Tatizo ni ule usiku wa giza. Anayekaa Igombe, Kayenze au Ukara anajua usiku wa giza dagaa wanafuata taa, kwa hiyo mitumbwi iko majini. Hata kama falme zenu ni za kale na wavuvi wanatumia mienge badala ya karabai au taa za sola, samaki ni wale wale. Mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, usiku huo kumebaki mitumbwi mibovu na mbwa. Malkia wa kisiwa asiyelijua hilo si malkia wa kisiwa. Wasomaji wenu walihisi uwongo, hawakujua uko wapi, wakaulaumu moyo wa malkia.

Hamishieni tukio kwenye mbalamwezi. Wavuvi wamepumzika, mitumbwi yote imevutwa nchi kavu imepangwa, nyavu zimeanikwa. Sasa anayechoma anachoma yote, na kila mtu anamwona anayechoma. Papo hapo mmepata maswali mapya yanayomjenga: alisubiri mwezi ukue, kwa hiyo ana subira. Hakujificha, kwa hiyo anataka aonekane, au hajali. Anajua nini ambacho mwalo mzima haujui? Labda adui anakuja na anahitaji mitumbwi ile ivushe wanajeshi. Labda vijana wamepanga kuhama na kisiwa kitabaki na wazee. Chagueni moja, liwe kweli kabla ya njia panda kwenye matawi yote matatu, na asilibadilishe kwa sababu mchezaji amemchukia. Mwandikieni ukurasa mmoja wa siku ya kuamkia tukio: anajua nini, anaogopa nini, nani amemdanganya. Mfanyieni hivyo na mvuvi anayempinga. Mapigano yaacheni kwanza.

Rasimu ya aina hii haiponi kwa kutumiana maandishi. Ikifika hatua ya njia panda, mtafuteni mtu asiyecheza gemu kabisa, dada wa jirani au muuza chipsi wenu, mkaeni naye mezani, mmsomee chaguo na aamue kwa sauti. Mkimwona anasita, andikeni alipo. Msimwelezee kitu.

Na sasa kuhusu rafiki yako, ambako mimi si mtaalamu. Mtu aliyefiwa na kaka yake ziwani, anacheza mhusika anayeandamwa na ndugu waliokufa bila yeye kuweza kuwaokoa, na mwenzake wa chumba anamwambia kila jioni kwamba huyo ni mjinga. Nadhani umeshaona. Acha kushinda ubishi huo. Mwombe akueleze anachokiona kwa Dimitri, na akianza kumzungumzia kaka yake mwache azungumze, usimrudishe kwenye gemu. Kama halali, kama hali chakula, kama anajilaumu kwa kifo kile au anasema anamsikia marehemu, msiishie kati yenu wawili. Chuo kina mshauri wa wanafunzi, na hospitali kubwa kama Bugando wanapokea watu wenye shida za namna hiyo bila kuwaona vichaa. Jitolee kumsindikiza, mkapange foleni pamoja. Akisema anataka kujidhuru, msisubiri kesho.

Switch itawasubiri. Mkiirudia, badilishaneni: wewe shika Simba wa Bluu, yeye ashike Tai Weusi, na asiyeshika kifaa asiseme kitu mpaka sura ya 12. Ukurasa wa malkia ukiwa tayari nitumieni huo tu, pamoja na wa mvuvi.